Kidole Kimoja cha Maji

Tam Wanping alikuwa mteja msumbufu kuliko wote niliowahi kuwauzia mmea, na nimeuza mimea katika kichochoro hiki cha Liwan, hapa Guangzhou, tangu mwanangu wa kwanza hajaota meno. Watu wengine huja wiki moja kabla ya mwaka mpya wakitaka mianzi ya bahati. Wanahesabu mashina: matatu kwa heri, matano kwa mali, manane kwa kuneemeka, na manne hakuna anayethubutu kuyanunua kwa sababu nne kwetu hutamkwa karibu sawa na kifo. Wanafungiwa utepe mwekundu, wanakwenda zao. Yeye alichukua saa nzima. Aligeuzageuza kila shina, akanusa mizizi, akaniuliza maji yangu nayatoa wapi. Mwishowe akachagua matatu na kuyapa majina palepale mbele yangu: hili mimi, hili Baba Kitsang, hili la kati Kitsang.

Nilicheka. Mumewe alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita, na huyo Kitsang, mwanawe, hakuna aliyemwona tangu mwaka sabini na tisa. Nilipoona uso wake nikaacha kucheka, nikamfungia mianzi yake na kumpa kokoto za bure.

Alikaa ghorofa ya pili, juu kabisa ya meza yangu, hata akimwagilia kupita kiasi matone yalinidondokea utosini. Alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha viberiti, akipanga njiti kwenye visanduku, na vidole vyake havikuacha kunuka moshi hata baada ya kustaafu. Mimi nilimwita Dada Ping. Mtoto alikuwa naye mmoja tu. Siku moja ya kiangazi, Kitsang akiwa na miaka kumi na tisa, aliondoka nyumbani na rafiki yake Yuen wakisema wanakwenda kutazama mpira. Walikwenda kusukuma askari. Ndivyo tulivyosema enzi zile, kwa sababu kwenye sataranji yetu askari akishavuka mto ulio katikati ya ubao harudi nyuma tena. Maana yake ni kwamba waliogelea ghuba kwenda Hong Kong, wakijifunga vibofu vya mpira kiunoni. Barua haikuja, wala maiti haikuja.

Hapo ndipo aliponasa, na alinasa miaka ishirini na tano. Mtu akiwa hai mbali, usiku wa kuamkia mwaka mpya unamwekea bakuli na vijiti vyake mezani ili njia imlete. Mtu akiwa amefariki, siku ya kufagia makaburi unamchomea nguo na pesa za karatasi ili asitange huko aliko na njaa. Ukimchomea karatasi aliye hai, umemwita kifo kwa mkono wako. Usipomchomea aliyekufa, umemfanya ombaomba wa milele. Dada Ping aliweka bakuli. Kila mwaka aliweka bakuli, na kila mwaka majirani walinong'ona kwamba mama yule anamwua mwanawe kwa njaa mara ya pili.

Mianzi aliiweka dirishani, kwenye chupa pana ya kioo iliyokuwa ya malimau ya chumvi. Nilimwambia chumvi itaunguza mizizi, akaiosha mpaka mikono ikavimba. Kwa kweli sijaona mtu aliyeitunza vile. Mmea huu si mwanzi hasa, ni binamu wa majani mengine kabisa, na hautaki mambo mengi: maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo siku moja ili dawa ya kuyasafisha iruke, jua lisiupige moja kwa moja, na usihamishwehamishwe. Wengi wanauua kwa kuupenda mno. Yeye alifunga uzi mwekundu kuzunguka chupa, mahali maji yanapopaswa kufika, na kila asubuhi alipima kwa kidole.

Siku moja akanipigia kelele kutoka dirishani nipande. Nikaacha meza nikapanda. Akanionyesha uzi, kisha akanionyesha maji yalipo, kidole kimoja chini yake.

Nikamwambia maji hukauka, ndiyo kazi yake. Akasema jana pia kidole kimoja, na juzi, na wiki iliyopita yote. Nikamwambia ni upepo mkavu wa kaskazini. Lakini mwezi wa tatu ulipoingia, zile siku tunazosema kusini imerudi, kuta zikatoka jasho, sakafu ikawa kama imedekiwa bila kukamuliwa, nguo zangu zikakaa siku tano kwenye kamba bila kukauka, na chupa ya Dada Ping iliendelea kupungua kidole kimoja kila siku. Niliikagua mwenyewe. Niliifuta kwa karatasi kavu nikatafuta ufa, sikuuona. Paka hakuwa naye.

"Anakunywa," akasema.

"Nani anakunywa?"

"Unajua nani. Kule baharini maji yote ni ya chumvi."

Nikamwambia basi kama anajua hivyo aache kuweka bakuli, akamchomee mtoto karatasi zake apumzike. Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate.

"Sijasema amekufa," akasema. "Nimesema ana kiu."

Mimi si mtu wa kuona vitu. Mama yangu alikuwa akiviona, na nilikula makofi mengi kwa sababu ya alivyoviona, kwa hiyo niliapa mapema kwamba mimi nitauza maua na kula wali. Lakini tangu siku ile nilianza kutopenda kukaa chini ya dirisha lile. Niliisogeza meza hatua mbili. Mume wangu Lo, ambaye kazi yake kubwa ni kucheza sataranji kichochoroni na kushindwa, aliniuliza kama naogopa kunywewa chai yangu.

Miaka ikaenda hivyo. Mianzi ikarefuka ikapita nusu ya dirisha. Kisha, mwaka elfu mbili na nne, shina la kati likaanza kugeuka njano kutoka chini.

Kila muuzaji anajua: shina la mwanzi wa bahati likishakuwa njano halirudi kuwa kijani. Linalainika, linanuka, na ukiliacha linaoza na mengine pamoja nalo. Nilipanda kumwambia. Nilimwambia vizuri mwanzoni, kisha nikamwambia vibaya, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Dada Ping, hilo lishakufa. Ling'oe."

"Juu lina majani mabichi. Huna macho?"

"Macho ninayo na pua ninayo. Maji yananuka."

"Basi usinuse. Rudi kwenye meza yako."

Nilishuka nikiwa nimekasirika, kisha nikaona haya. Nilijua ananikatalia nini. Kuling'oa shina lile kungekuwa kutia sahihi kwamba mwanawe amekufa, na karatasi hiyo alikuwa ameikwepa robo karne. Akawa anabadilisha maji mara mbili kwa siku. Shina liliendelea kuwa njano, taratibu, pingili baada ya pingili.

Ndipo Yuen alipokuja.

Ilikuwa tena zile siku za kusini kurudi, wiki tatu kabla ya kufagia makaburi. Gari lilisimama mdomoni mwa kichochoro, akashuka mwanamke kijana aliyevaa vizuri, akamshusha mwanamume kwenye kiti cha magurudumu. Nywele za huyo mwanamume zilikuwa zimekwisha na nusu ya uso wake ilikuwa imelala. Huyo alikuwa binti yake, aliyezaliwa Lima, kule Peru, alikotorokea baba yake baada ya Hong Kong, na Kikantoni chake kilikuwa cha kuungaunga. Alitueleza kwamba baba hakuwahi kuzungumza habari za kuvuka, hata mara moja. Ila tangu apigwe na kiharusi mwaka uliopita alikuwa akishika karatasi moja yenye anwani hii na kulia, mpaka wakaona bora wamlete. Lo na mchezaji mwenzake walimbeba kwa kiti chake ngazi zote. Mimi nilishika miguu. Nakumbuka ilikuwa myepesi.

Dada Ping alimtambua kabla hajaingia ndani. Hakulia. Alimwekea kiti kuelekea dirishani, akampangusa jasho, akamuuliza kama amekula. Kisha akapiga magoti mbele yake, yeye mama mtu mzima mbele ya rafiki wa mwanawe, akamshika mkono ule uliokufa.

"Yuen, mwanangu. Kitsang yuko wapi?"

Mdomo wa Yuen ulihangaika muda mrefu. Macho yake yalikwenda dirishani, kwenye chupa. Machozi yakamtoka upande mmoja tu. Akasema:

"Kitsang gwai."

Sasa lazima nieleze, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipokwama. Lugha yetu inaimbwa. Neno moja ukilibadilisha sauti limekuwa neno jingine. Gwai, sauti ikiwa juu na kutulia, ni kurudi nyumbani. Gwai, sauti ikitoka chini na kupanda, ni mzimu. Na gwai, sauti ikikaa katikati, ni kitu cha thamani. Ndilo neno lililomo kwenye jina la mianzi hii, ambayo sisi twaiita mianzi ya fugwai, ya utajiri na thamani. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Yuen sauti zote tatu. Alitamka neno tupu, bapa, kama ubao. Kitsang alirudi nyumbani? Kitsang ni mzimu? Au alikuwa akitaja tu jina la mmea alioutazama?

Dada Ping akamwomba arudie. Akarudia, vilevile. Akamuuliza, Kitsang alifika ng'ambo? Yuen akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza, Kitsang alizama? Akaitikia kwa kichwa. Binti akatuambia kwa aibu kwamba siku hizi baba huitikia kila kitu. Lo, ili kupima, akamuuliza kama leo ni mwaka mpya. Akaitikia, huku machozi yanatiririka. Mkono wake wa kuandikia ndio huo uliokufa, na wa pili ulipopewa kalamu ulichora mstari ukatoboa karatasi.

Walipoondoka nilibaki naye. Ningenyamaza ingekuwa heri, lakini mdomo wangu haujawahi kunisaidia. Nilimwambia kwamba mtu mwenye habari njema hangojei miaka ishirini na tano kuileta. Alinifungulia mlango, na kwa siku tisa dirisha lake lilikuwa limefungwa na mimi sikuweza kula vizuri.

Siku ya kumi akashuka, amechana nywele. Akaniambia nimsindikize kwenye duka la karatasi.

Muuza karatasi ni mtu wa maneno mengi, akamuuliza anamchomea nani. Dada Ping akasema mwanangu. Muuzaji akashusha mashati ya karatasi, suruali, viatu, miwani hata simu, akavipanga mezani. Dada Ping alishika shati moja akaligeuza, akaliweka, akalishika tena.

"Laisim," akaniita, kwa sauti ndogo. "Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa angekuwa na arobaini na nne. Nichukue saizi gani?"

Tulinunua mbili.

Asubuhi ya kwenda makaburini alichukua mkasi mbele yangu. Alilitoa shina la kati chupani, akatafuta pingili ya mwisho iliyokuwa bado kijani, akakata chini yake. Nilikuwa nimemwambia zamani kwamba inawezekana, ncha hai hutoa mizizi upya, lakini alikuwa amejifanya hasikii. Ncha akairudisha katikati ya yale mengine mawili. Kipande cha njano akakikunja ndani ya gazeti, akakitia kwenye kikapu pamoja na mashati mawili na kuku wa kuchemsha.

Kule mlimani alimfagilia mumewe kwanza. Kisha akawasha moto wa pili, wa mwanawe asiye na kaburi. Kwenye bahasha ya karatasi aliandika jina la Kitsang na anwani ya kichochoro chetu, ghorofa ya pili, dirisha lenye mianzi. Kipande cha njano kilikuwa kimelowa, kikatoa moshi na kulia motoni kabla ya kushika. Ndipo akasimama, akaweka mikono mdomoni, akaita jina la mwanawe na lile neno, kwa sauti ya juu, iliyotulia, bila kutetemeka, mara tatu. Watu wa makaburi ya jirani waligeuka kutazama.

"Kama yu hai, arudi," akaniambia. "Kama ni mzimu, arudi. Yuen ameniletea neno, sauti nachagua mimi."

Nilidhani yamekwisha. Nilifurahi kwa ajili yake, nakiri, na nilifurahi kwa ajili ya meza yangu. Lakini baada ya siku tatu akanipigia kelele tena kutoka dirishani, nikapanda nikihema. Alikuwa amekaa mbele ya chupa na mikono mapajani. Maji yalikuwa kwenye uzi. Akaniambia jana pia yalikuwa kwenye uzi, na juzi.

"Hanywi tena," akasema.

Nikamwambia shina ni fupi sasa, mizizi imepungua, mmea umepunguza kunywa. Nikamwambia pia ndicho alichotaka, mtoto ameshiba, amepumzika. Alitikisa kichwa.

"Alikuwa hapa, Laisim. Miaka yote hii alikuwa hapa kila siku na mimi nililalamika. Sasa nimemfukuza."

Sijawahi kuona mtu akipungua kwa kasi ile. Wiki mbili, na kola ya blauzi ikawa inamzunguka kama si yake. Aliacha kupika. Basi nikafanya jambo la kijinga. Asubuhi moja nilipanda mapema na kikombe changu cha chai, nikajidai nimekuja kumfutia majani vumbi, na alipogeuka kuchukua kitambaa nikachota maji kidole kimoja nikayamwaga nje ya dirisha. Yalimwangukia Lo. Kisha nikamwita, nikamwambia kwa mshangao, tazama.

Akapima kwa kidole. Akanyanyuka, akaenda jikoni, akabandika uji.

Nilifanya hivyo miaka miwili. Kila asubuhi nilipanda, nikachota, nikamwonyesha, tukajaza tena mpaka kwenye uzi, tukanywa uji pamoja na yai la bata la chumvi. Mwaka wa pili alianguka akavunjika nyonga, akawa mtu wa kitandani, chumba cha ndani, hawezi kufika dirishani. Nikawa nampelekea chupa kitandani aione, kisha nairudisha. Ncha ilikuwa imeshatoa mizizi myekundu, mingi. Lo alisema mzimu wetu ana bahati, ana wanawake wawili wa kumhudumia, na yeye aliye hai hata chai anajipikia.

Kisha mwezi wa tatu nikaugua mafua ya kuangusha, homa, siku tatu sikuinuka. Lo alimpelekea uji Dada Ping, akamwachia kando ya kitanda. Dirishani hakugusa, maana nilimkataza kabisa. Siku ya nne nikapanda ngazi nikijishika ukutani, na ukuta ulikuwa unatoka jasho. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Ningesema nimejaza tayari.

Maji yalikuwa vidole vitatu chini ya uzi. Nilipima mara mbili. Nilikaa kwenye kiti alichokalia Yuen.

"Yamepungua ngapi?" akauliza kutoka chumba cha ndani.

Nikamwambia.

"Njoo hapa," akasema. Nilipokwenda akanishika mkono na vidole vyake vile vya moshi. "Siku nyingine zote ulikuwa wewe. Nimejua tangu wiki ya kwanza. Unachota kwa kikombe cha chai, majani ya chai yanaelea mle ndani, unadhani mimi mjinga?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Kulikuwa na mtu anapanda ngazi zangu kila asubuhi," akasema. "Ningesemaje?" Kisha akafumba macho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba. "Lakini siku hizi tatu si wewe."

Alifariki mwezi wa tisa, mchana, uji ukiwa bado wa moto. Hakuwa na mtu, kwa hiyo mimi na Lo tulimpeleka mlimani kwa mumewe, na nikachoma kila nilichoweza kununua. Shati la Kitsang pia nilichoma, saizi moja, ile kubwa. Chumba kilikwenda kwa wapangaji wengine. Nilichukua chupa tu.

Ipo kwangu sasa, dirishani, mashina matatu. Usiku wa kuamkia mwaka mpya niliweka bakuli mbili za ziada mezani, na Lo, ambaye hana asichokifanyia mzaha, alizijaza wali bila kusema kitu. Maji nayalaza kwenye ndoo siku nzima, kama nilivyomfundisha Dada Ping. Uzi ni uleule. Sichoti mimi, wala Lo hagusi, nimemwapisha. Kila asubuhi natia kidole. Enzi zake kilikuwa kimoja. Sasa ni viwili. Nami najaza.